Zuhura, ukuta ule hauonekani kutoka mwezini

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imenifikia jana jioni. Niliifungua nikiwa bado nimesimama mlangoni, viatu mguuni, kisha nikaketi nikairudia mara tatu. Mistari sita tu. Umesema mwalimu aliwataka kila mmoja ataje jambo moja la ajabu kuhusu dunia; zamu yako ikafika, ukasimama, ukasema Ukuta Mkuu wa China unaonekana kutoka mwezini. Mwalimu akasema si kweli. Darasa likaangua kicheko. Na mstari wa mwisho ndio ulioninyima usingizi: "Mama, mimi sisemi kitu tena darasani."

Jambo lile nilikuambia mimi. Nakumbuka hata usiku wenyewe. Ulikuwa na miaka saba, tumelala chali nje tukiutazama mwezi mpevu, ukaniuliza kama mtu aliyeko kule angeweza kutuona. Nikakujibu kwa sauti ya anayejua: sisi hatuonekani, lakini ukuta wa China unaonekana. Sikuwa najua. Nilikuwa nimesikia tu, nikakupa nilichosikia kana kwamba nimekiona kwa macho yangu. Nisamehe, mwanangu. Kicheko kile kilikuwa haki yangu, ukakibeba wewe.

Usiku wa jana nikakaa kuufuatilia ukuta huo. Mwaka 1754 mwanazuoni mmoja wa Uingereza, William Stukeley, aliandika katika barua kwamba ukuta wa China ni mrefu kiasi kwamba huenda ukaonekana kutoka mwezini. Utazame vizuri mwaka huo: hakuna binadamu aliyekuwa amepaa hata kwa puto. Alikuwa anakisia. Watu wakalidaka neno lake, wakaitupa ile "huenda", wakapokezana hadi likaingia vitabuni. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini hili lilitembea karibu miaka 250. Oktoba 2003 Yang Liwei, Mchina wa kwanza kupelekwa angani na nchi yake, aliporudi aliulizwa kama aliuona ukuta wa kwao. Akasema hakuuona. Na yeye hakufika mwezini. Alikuwa kilomita mia chache tu juu ya ardhi.

Kinachouficha ukuta ni wembamba wake. Ni mrefu kweli, ila upana wake ni mita chache, na mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Nilipiga hesabu kwa kalamu: kuutafuta ukuta ukiwa mwezini ni sawa na kuutafuta unywele mmoja ulioko zaidi ya kilomita 4 mbele yako. Ng'oa unywele wako mmoja, mpe rafiki aushike dirishani, kisha rudi nyuma hatua kumi. Utaona mwenyewe, au tuseme hutaona.

Kuna mengine niliyokupa ambayo lazima niyarudishe kabla hayajakuaibisha. Mbuni hafukii kichwa mchangani. Kiota chake ni shimo ardhini, na anapoinama kuyageuza mayai, aliye mbali huona mwili bila kichwa. Hatutumii asilimia 10 tu ya ubongo. Picha za ubongo ulio kazini zinaonyesha kwamba hakuna sehemu iliyolala bure, hata mwenyewe akiwa usingizini. Na popo si vipofu. Hayo matatu yafute.

Nikayatafakari yote yale niliyokudanganya bila kukusudia, nikaona yana upungufu mmoja: sikuwahi kuuliza ni nani aliyeona, na alionaje. Basi leo nakuletea mengine, na kila moja nimekuwekea na aliyeliona. Naanza na jina lako.

Asubuhi ya tarehe 6 Juni 2012 nilikuwa na mimba yako ya miezi sita na ushee. Nilikuwa nimeazima kioo cha fundi wa kuchomelea vyuma, kile chenye giza kuliko vyote, ambacho ukikiweka usoni mchana kweupe huoni kitu isipokuwa jua. Jua likachomoza. Ndani ya kioo likawa sahani ya kijani, na karibu na ukingo wa sahani ile palikuwa na doa dogo jeusi, la duara kamili, kama limetobolewa kwa sindano. Doa lile lilikuwa sayari ya Zuhura ikipita kati yetu na jua. Dunia nzima, karibu sawa kwa ukubwa na hii tuliyosimama juu yake, na ncha ya sindano ingeifunika. Nilitazama hadi mkono ukafa ganzi. Wewe ukapiga teke. Nikasema, akiwa msichana jina lake lishapatikana.

Mpito kama ule huja mara mbili katika miaka 8, kisha dunia husubiri zaidi ya miaka 100. Ulitokea mwaka 1761 na 1769, halafu 1874 na 1882, halafu 2004 na ule wetu wa 2012. Mwingine utakuwa Desemba 2117. Utakuwa na miaka 105. Nitakuachia kioo.

Kwa ajili ya doa hilo watu wamewahi kuvuka bahari. Mwaka 1716 Edmond Halley alieleza kwamba mpito ukitazamwa kutoka pande za dunia zilizo mbalimbali, na kila mtazamaji akaupima muda wake kwa makini, tofauti ya nyakati hizo itatoa umbali wa dunia na jua, ambao hadi hapo watu walikuwa wakiukadiria tu. Halley alijua hatakuwa hai mpito utakapofika. Aliwaandikia wa baadaye.

Mmoja wa hao wa baadaye alikuwa Mfaransa, Guillaume Le Gentil. Machi 1760 alipanda meli kwenda Pondicherry, pwani ya India, akiwa na mwaka mzima na zaidi wa kujiandaa. Ufaransa na Uingereza zilikuwa vitani. Kabla hajafika, Waingereza wakauteka mji. Meli yake ilipopata habari ikageuza njia kurudi kisiwa cha Mauritius, na tarehe 6 Juni 1761 ikamkuta katikati ya bahari. Anga lilikuwa safi. Zuhura aliiona. Lakini meli inayoyumba haina thamani kwa mtu anayepima, maana darubini haitulii na saa ya pendulamu haishiki majira. Aliona akiwa hana la kufanya na alichokiona.

Wewe ungefanya nini? Mimi ningerudi nyumbani. Le Gentil alipiga hesabu kwamba mpito wa pili uko miaka 8 mbele, akaamua kuusubiri huko huko. Akachora ramani za pwani ya Madagaska, akasafiri hadi Manila, na Machi 1768 akafika Pondicherry, ambayo ilikuwa imerudishwa kwa Wafaransa. Akajenga kituo cha kutazamia nyota. Mwezi mzima wa Mei asubuhi zilikuwa safi. Alfajiri ya tarehe 4 Juni 1769, siku ambayo aliisubiri miaka 8, wingu likaja likalifunika jua. Mpito ulipokwisha, wingu likaondoka.

Aliandika kwamba kwa zaidi ya wiki mbili hakuwa na moyo wa kushika kalamu, na alipoishika ilimdondoka mkononi. Kisha akaugua, akachelewa tena. Alipofika Ufaransa mwaka 1771 alikuta ametangazwa kuwa amekufa: nafasi yake kwenye Akademia ya Sayansi imepewa mtu mwingine, na ndugu wanagawana mali yake. Alikuwa ameondoka zaidi ya miaka 11. Akapigania nafasi yake hadi ikarudi, akaoa, akapata binti, akaandika kitabu cha majuzuu mawili kuhusu bahari na nchi alizozipita. Alikufa mwaka 1792. Wengine waliotazama mipito ile kutoka sehemu nyingine walipata vipimo, na kwa hivyo tukaujua umbali wa jua karibu sana na ule tunaoujua leo, yaani kilomita milioni 150 hivi. Yeye hakuchangia hata nambari moja. Nimesoma habari zake mara nyingi na bado, nikifika pale kalamu inapomdondoka, huwa nanyamaza kidogo.

Sayari yenyewe imekaa kinyume na karibu zote. Inajizungusha polepole mno, siku zetu 243 kwa mzunguko mmoja, na inalizunguka jua kwa siku 225. Ndiyo maana utasikia watu wakisema kwamba kwenye Zuhura siku ni ndefu kuliko mwaka. Ni kweli, lakini hapa usikubali upesi, uliza: siku ipi? Neno "siku" lina maana mbili. Kama ni sayari kujizungusha mara moja, ni 243. Kama ni kutoka macheo hadi macheo mengine, ni siku zetu 117 tu, kwa sababu Zuhura inajizungusha kinyumenyume huku ikisonga mbele kwenye njia yake, na mambo hayo mawili yakikutana jua hurudi mapema. Na kwa sababu ya kujizungusha huko kinyume, mtu aliyesimama pale angeliona jua likichomoza magharibi. Ila asingeliona, maana mawingu hayafunguki kamwe, na joto linalozidi nyuzi 460 lingemwondoa kabla hajatazama. Mawingu hayo ndiyo yaliyowafunga macho wanajimu kwa karne kadhaa. Hawakuona alama yoyote ya kuifuata ikizunguka. Jibu lilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliporusha mawimbi ya rada hadi kwenye sayari na kuyasikiliza yakirudi.

Siku yako ya kuzaliwa nayo ina mambo yake. Tarehe 27 Agosti.

Asubuhi ya tarehe hiyo mwaka 1883, saa nne na dakika mbili kwa saa za huko, volkano ya Krakatoa ililipuka kati ya visiwa vya Java na Sumatra. Kwenye kisiwa cha Rodrigues, upande wa pili wa Bahari ya Hindi, umbali wa karibu kilomita 4,800, mkuu wa polisi alisikia ngurumo kutoka mashariki, akaandika kwamba ni kama mizinga mikubwa. Sauti ilikuwa imesafiri karibu saa nne kumfikia. Ni kama wewe usikie mlango ukibamizwa na mtu aliyeko bara jingine, na usikie baada ya chakula kilichokuwa kinapikwa mlango ulipobamizwa kuiva na kuliwa. Wimbi la hewa lililotoka pale liliizunguka dunia zaidi ya mara tatu, na barometa za miji ya mbali zikaliandika kila lilipopita, ndivyo tunavyojua. Watu zaidi ya 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi ya bahari. Na Novemba mwaka huo vumbi lililokuwa juu angani liligeuza machweo kuwa mekundu kiasi kwamba huko New York wazima moto waliitwa, watu wakidhani mji unaungua.

Miaka 13 baadaye, tarehe ile ile, mizinga ilikuwa mizinga kweli. Sultani wa Zanzibar, Hamad bin Thuwaini, alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na ndugu yake Khalid bin Barghash akaingia ikulu bila kibali cha Waingereza. Wakampa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili meli zao zikaanza kupiga. Ilipofika saa nne kasoro dakika ishirini bendera ya ikulu ilikuwa imeanguka. Kitabu kimoja kitakuambia ni vita vya dakika 38, kingine 40, kingine 45, na hakuna anayedanganya: mmoja anahesabu tangu amri ilipotolewa, mwingine tangu mzinga wa kwanza, mmoja anaishia bendera iliposhuka, mwingine dakika chache baadaye. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na mwanzoni mwa Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ilifika hadi lango la bustani, akapanda bila kuikanyaga ardhi ambayo Waingereza wangemkamatia.

Watu husimulia vita hivyo wakicheka, kwa vile ndivyo vifupi kuliko vyote katika historia. Mimi sitaki ucheke. Katika dakika hizo 38 watu karibu 500 wa upande wa Sultani waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja. Kuna ajabu ambazo, ukizikaribia, zina watu ndani yake.

Tarehe 27 Agosti 2003, sayari ya Mirihi ilikaribia dunia kuliko ilivyowahi kwa karibu miaka 60,000: kilomita milioni 55.8. Hilo ni kweli, limekokotolewa kutokana na mizunguko ya sayari zote mbili. Lakini upesi ukatoka ujumbe unaosema kwamba usiku huo Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi, na ujumbe huo umeendelea kurudi mwezi Agosti mwaka baada ya mwaka, hata baada ya mambo kupita. Ukiupata, usiusambaze. Mirihi ilionekana kama nyota nyekundu inayong'aa sana, na kwangu hiyo ilitosha.

Sasa nikupe ndege. Mlembe ni mdogo, rangi yake ya vumbi, ukimwona hutageuka mara ya pili. Anachokipenda ni nta. Nyuki walipo anapajua, lakini nyuki wanauma na mti ni mgumu, naye hana shoka wala moto. Basi humwendea mtu. Hutua tawi la karibu, hulia kwa kelele za harakaharaka, huruka hadi mti wa mbele, husubiri, hulia tena, mpaka akufikishe kwenye mti wenye nyuki. Mtu huwafukiza nyuki kwa moshi, hupasua mti, hurina asali, na mlembe hula nta iliyobaki. Mwaka 1588 mmisionari Mreno, João dos Santos, akiwa Sofala katika nchi ambayo leo ni Msumbiji, aliona ndege wadogo wakipenya kanisani kwa dirishani na kudonoa mishumaa. Mishumaa ilikuwa ya nta ya nyuki! Ni yeye pia aliyeandika jinsi ndege hao wanavyowaongoza watu kwenye asali.

Mrina asali naye humwita ndege. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hutetemesha ulimi, "brrr", kisha hutoa mguno mfupi mwishoni, "hm". Ukiwauliza wamejifunza wapi husema kwa baba zao. Je, ndege anaielewa sauti ile, au anamfuata tu mtu yeyote anayepiga kelele porini? Claire Spottiswoode na wenzake waliamua kupima. Walitembea porini wakipiga sauti zilizorekodiwa: mara mwito wa Wayao, mara maneno ya kawaida ya watu, mara sauti ya ndege mwingine. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Kwa sauti nyingine mlembe alikuja kuongoza katika asilimia 33 ya safari. Kwa "brrr-hm" ilikuwa asilimia 66, na uwezekano wa kuonyeshwa nyuki ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Halafu mwaka 2023 wakaonyesha jambo lililonifanya nisimame kutoka kwenye kiti. Wahadzabe wa Tanzania hawamwiti kwa "brrr-hm", humwita kwa mluzi. Ndege wa kwa Wahadzabe waliitikia mluzi zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Kiyao, na ndege wa Niassa waliitikia mwito wa Kiyao kuliko mluzi. Kila mlembe anajua lugha ya majirani zake. Na ni ndege wa porini, hakuna aliyemfuga wala kumfundisha.

Nilitaka kuishia hapo, ila ningekuwa nimerudia kosa la kukupa nusu. Mlembe hutaga kwenye viota vya ndege wengine. Kinda lake huanguliwa lina ncha kali kama sindano mdomoni, na kwa ncha hiyo huwachoma makinda ya mwenye kiota hadi wafe, kisha hulelewa peke yake. Ndege yule yule anayemwongoza mtu kwenye asali.

Wombati, mnyama wa Australia anayelea mtoto mfukoni, hunya mavi ya pembe nne. Hilo wape wale waliocheka, watalipenda. Wachunguzi walichukua utumbo wa wombati waliogongwa na magari, wakaujaza hewa kama puto, wakakuta kuta zake si sawa kote, kuna sehemu ngumu na sehemu zinazonyumbuka zaidi. Huko ndiko pembe zinakotokea.

Na kuna ndege mwingine ambaye nimekuwa nikimfikiria tangu jana, kwa sababu ya umri wake. Ni wa jamii ya sululu, mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu wa kuchokonoa tope. Alianguliwa Alaska katikati ya mwaka 2022, akafungwa mgongoni kifaa cha gramu 5 kinachozungumza na setilaiti. Tarehe 13 Oktoba, akiwa na miezi kama mitano, aliondoka. Ndege wa aina yake hawezi kutua majini kupumzika. Kabla ya safari hunenepa kwa mafuta hadi huonekana kama mpira, na utumbo wake husinyaa ili kupunguza mzigo. Aliruka usiku na mchana juu ya Bahari ya Pasifiki, siku 11, bila kula, bila kunywa, bila kutua, akashuka Tasmania baada ya kilomita 13,560. Hakuna safari ndefu kuliko hiyo ya ndege kuruka bila kutua iliyowahi kurekodiwa. Ile ilikuwa mara yake ya kwanza kuondoka alikoanguliwa. Njia hakuwahi kuiona. Jina hana, ana nambari tu, 234684; nimeiandika kwenye karatasi nikaibandika ukutani juu ya kitanda chako.

La mwisho linatuhusu mimi na wewe. Ulipokuwa tumboni, seli zako chache zilivuka kondo la nyuma zikaingia kwenye damu yangu, na zangu zikaingia kwako. Hutokea kwa kila mama. Ilidhaniwa kwamba baada ya kujifungua hupotea. Mwaka 1996 Diana Bianchi na wenzake walitafuta, katika damu ya akina mama waliowahi kuzaa watoto wa kiume, seli zenye kromosomu Y, ambazo mwanamke hana zake mwenyewe. Walizikuta. Kwa mama mmoja zilikuwa bado zipo miaka 27 baada ya kujifungua. Mimi nimezaa msichana, kwa hiyo njia yao isingeweza kuzitofautisha zako na zangu. Zingepita machoni pao kama zangu tu. Na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba seli za mama nazo huweza kukutwa kwa mtoto hata akishakuwa mtu mzima. Nikafikiria ulivyosimama pale mbele ya darasa.

Ukirudi likizo tutaamka mapema. Kile kioo sikukirudisha, fundi aliniachia nilipomweleza nilichokiona. Kipo kwenye droo yangu, kimefungwa kitambaa. Zuhura haitapita, lakini jua lina madoa yake yenyewe, mengine makubwa kuliko dunia, na yakiwa makubwa hivyo huonekana kwa kioo kile bila darubini. Usithubutu kulitazama jua bila kioo, hata kwa sekunde. Lete daftari lisilo na mistari. Utachora duara, utaweka kila doa pale utakapoliona, utaandika tarehe na saa. Kesho yake utachora tena, na kesho kutwa, uone kama yamesogea, na kama yamesogea, yameelekea upande gani. Mimi sitakuambia.

Mama yako